Saida: Pombe ya matufaha na siri ya chombo chake

Wagema wa Pwani ya Kenya wanajua kuwa mnazi uliogemwa alfajiri huwa mtamu, jioni huwa mkali, na baada ya siku chache huwa siki. Kinywaji hicho hakiwekwi akiba. Magharibi mwa Uingereza kuna pombe yenye desturi tofauti kabisa. Hukamuliwa majira ya vuli, ikaachwa mapipani msimu wote wa baridi, na mara nyingi hainyweki vyema hadi miezi sita au mwaka upite. Pombe hiyo ni saida, itokanayo na maji ya matufaha, na wenyeji wa Somerset, Herefordshire na Devon wamekuwa wakiitengeneza mashambani kwa karne nyingi.

Matufaha yanayofaa si yale ya kutafunwa yanayouzwa kando ya barabara za Nairobi. Kituo cha utafiti cha Long Ashton, kilichoanzishwa karibu na Bristol mwaka wa 1903 na kufungwa mwaka wa 2003, kiliyagawa katika makundi manne kwa kupima asidi na ukakasi, yaani ile hali ya kukauka mdomo anayoipata mtu akiuma ndizi mbichi. Kuna matamu, makali, matamu yenye ukakasi na makali yenye ukakasi. Aina ya Kingston Black husifiwa kwa kuwa inajitosheleza. Nyingine nyingi sharti zichanganywe. Anayetumia matufaha ya mezani pekee hupata kinywaji chapwa.

Matunda huokotwa kati ya Septemba na Desemba, yakarundikwa wiki kadhaa ili wanga uliobaki ugeuke sukari. Yaliyooza hutupwa, kwani baadhi ya ukungu huacha sumu. Mengine huoshwa, husagwa, kisha rojo hufungwa katika vitambaa na kugandamizwa kwa shinikizo. Kilo 10 hutoa takriban lita 5 au 6, na machicha hupewa mifugo.

Hapo mtengenezaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia kazi hamira iliyomo kwenye matunda na katika mbao za shinikizo. Hamira za mwituni huanza kwa kishindo, kisha nyingi hufa kilevi kinapofika asilimia chache, zikaipisha hamira ya jamii moja na ile ya mkate imalize sukari. Njia ya pili ni kuvidhoofisha vijidudu kwa salfaiti kidogo, kungoja siku moja, kisha kutia hamira ya dukani. Ya kwanza, ikifaulu, hutoa ladha pevu zaidi. Hata hivyo, anayeanza afadhali ashike ya pili.

Povu la siku za kwanza likitulia, mtungi hujazwa hadi shingoni na kufungwa kwa kizibo chenye mrija unaopitisha gesi majini, ili gesi itoke na hewa isiingie. Katika nyuzi 10 hadi 15, ambayo ni kama baridi ya Limuru mwezi wa Julai, uchachu huchukua wiki nyingi au miezi. Joto likizidi, kazi huisha haraka lakini harufu ya tunda hupotea. Sukari hupimwa kwa haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea: maji yaliyosoma 1.050 yakishuka hadi 1.000 huwa na kilevi cha takriban asilimia 6.5.

Baada ya hapo saida hunyonywa kwa mpira hadi chombo kingine, mashapo yakaachwa chini. Chombo hicho nacho hujazwa pomoni. Bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki huhitaji hewa, na pipa lililojaa nusu ni siki iliyo njiani.

Majira ya kuchipua yanapoingia, saida iliyotulia huanza tena kutoa viputo. Wakulima wa kale waliamini kuwa inausikia mti wake ukichanua. Ukweli ni kwamba vuguvugu huwaamsha bakteria wanaobadili asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini, kama ile ya maziwa lala. Hapo ndipo ukali hupungua na kinywaji kukomaa.

Asidi hiyo hiyo iliwahi kuleta maafa. Katika karne za 17 na 18, watu wa Devon walikuwa wakishikwa na maumivu makali ya tumbo, kisha mikono ikapooza. Daktari William Musgrave aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka wa 1703 na kuulaumu ukali wa saida. Hata hivyo, watu wa Herefordshire walikuwa wakinywa saida vile vile, na ugonjwa huo haukuwa tatizo kwao.

Mwaka wa 1767 Daktari George Baker, mwenyewe mzaliwa wa Devon, alichapisha jibu. Wakulima wa Devon walitumia madini ya risasi kuunganishia mawe ya kusagia na kuzibia shinikizo zao. Wenzao wa Herefordshire hawakufanya hivyo. Alipoipima saida ya Devon aliyapata madini hayo ndani yake. Wenyeji wengi walimkasirikia, wakiona anawaharibia jina na soko, lakini risasi ilipoondolewa pole pole katika mitambo ugonjwa ulififia. Hayo ndiyo madini yaliyowafikisha wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, mahakamani, ambapo mwaka wa 2020 waliamuliwa kulipwa fidia.

Ndiyo maana leo hutumika kioo, chuma kisichoshika kutu, plastiki ya vyakula au mbao za mwaloni. Shaba na mabati huyeyuka katika asidi, nacho chuma cha kawaida huigeuza saida nyeusi. Dumu lililowahi kubeba kemikali halifai hata likioshwa mara 10.

Hatari ya mwisho imo katika chupa. Mwaka wa 1662 Christopher Merret aliieleza Royal Society ya London jinsi wauza mvinyo walivyokuwa wakitia sukari ili mvinyo utoe povu. Chupa za Uingereza, zilizookwa kwa moto wa makaa ya mawe, zilikuwa na nguvu ya kustahimili. Anayetaka povu leo hungoja haidromita isome namba ile ile kwa wiki kadhaa, kisha hutia gramu 8 hivi za sukari kwa lita moja, katika chupa za shampeni au za bia pekee. Anayefunga mapema, sukari ikiwa bado nyingi, huenda akaamshwa usiku na mlipuko wa vioo.

Kisheria, Mwingereza anaruhusiwa kujitengenezea saida ya kunywa nyumbani, ila kuitonesha iwe pombe kali bila leseni ni kosa. Nchini Kenya, anayetaka kuuza kileo chochote, cha matufaha au cha mnazi, sharti awe na leseni chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010.