Safu Nyembamba, Maneno Marefu

Mwaka 1974 ulikuwa na mambo mengi Usukumani. Wananchi walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, nako Mwanza likaanza kutoka gazeti la kila mwezi lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Halikulengwa kwa karani wala mwalimu. Lililengwa kwa mkulima wa pamba aliyejua kusoma juzijuzi tu, akiwa mahali kama Ngulyati, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu na siku hizo ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga.

Gazeti hilo lilizaliwa na jambo kubwa zaidi. Tangu 1968 serikali, UNESCO na UNDP walikuwa wakiendesha mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Vitabu vyake vilifuata kazi za watu. Wa pamba walisoma habari za pamba, wavuvi habari za uvuvi, wenye migomba habari za ndizi. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ukaonyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamepungua hadi asilimia 39, kutoka kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wakati wa sensa ya 1967. Sifa za kampeni hiyo zimeimbwa sana. Kilichosahaulika ni kazi ya watu waliokaa mezani na rula wakijiuliza ukurasa wenyewe uonekaneje.

Maana matatizo yalianzia kwenye herufi moja. Ubaoni mwalimu alifundisha “a” ya duara lenye mkia, ile ile anayoiandika kila mtu kwa mkono. Herufi za vitabuni na magazetini kwa kawaida zina “a” nyingine, yenye kichwa kilichojikunja juu ya tumbo. Kwa aliyesoma miaka saba hiyo ni herufi moja. Kwa mzee aliyemaliza kisomo mwezi uliopita ni mgeni ambaye hajawahi kutambulishwa, tena mgeni anayejitokeza karibu katika kila neno la Kiswahili. “G” nayo ina sura mbili kwa namna hiyo hiyo. Ukizipunguza herufi hizo ukubwa ili habari nyingi zienee kwenye karatasi chache, ukazichapa kwa wino mzito kwenye karatasi laini ya gazeti, utakuwa umempa mtu huyo kazi ya kubashiri badala ya kusoma.

Picha nazo hazikuwa na nafuu. Andreas Fuglesang, Mnorwei aliyefanya kazi ya mawasiliano Zambia na kuchapisha kitabu chake mwaka 1973, alisisitiza kwamba picha ya kufundishia ipimwe kwanza kwa watu watakaoisoma, kwa sababu kusoma picha nako hujifunzwa. Mchoraji wa mjini akimkuza mdudu wa pamba hadi ajaze nusu ukurasa, yeye anaona ameeleza vizuri. Mkulima anayemjua mdudu huyo kwa kumshika ana haki ya kusema kwao hakuna dubwana la namna hiyo.

Lakini tatizo gumu kuliko yote lilikuwa la upana. Magazeti hupenda safu nyembamba zenye kingo zilizonyooka pande zote mbili. Kiswahili hakipendi. Kitenzi chake hubeba mtenda, wakati, mtendwa na mengine mengi ndani ya neno moja: hawakuwaandikisha, tutakapowatembelea. Likikosa nafasi mwishoni mwa mstari, mpanga chapa ana njia mbili. Ama alikate kwa kistari, ama alishushe zima kwenye mstari unaofuata na kuyatanua yaliyobaki juu mpaka kati ya neno na neno pabaki uwazi. Msomaji mzoefu huuruka uwazi huo bila kujua. Msomaji mpya anayefuata mstari kwa kidole hufika hapo akasimama.

Hayo hayakuanzia Mwanza. Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na kazi ya uchapaji ikaanza mapema. Baadaye vijana wa shule ya misheni hiyo, Kiungani, ndio waliolipanga jarida la Msimulizi, lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1888. Kupanga maana yake kulikuwa kuokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye kasha lenye vyumba vidogovidogo. Hapo ndipo hesabu za Ulaya zilipogongana na lugha ya Pwani. Katika Kiingereza “k” haifiki herufi 1 kati ya 100, na “a” ni kama 8. Katika Kiswahili “a” ni karibu herufi 1 kati ya kila 5, na “k” haikauki. Kasha lililojazwa kwa kipimo cha Kiingereza huishiwa “a” na “k” kabla ukurasa haujajaa, huku “q” na “x” zikilala vumbini.

Mashine ya Linotype, iliyoanza kazi gazetini New York mwaka 1886, iliondoa shida ya kuokota, ikaleta yake. Vibonye vyake vilipangwa kwa kufuata herufi zinazotumika zaidi katika Kiingereza: safu ya kwanza e, t, a, o, i, n, ya pili s, h, r, d, l, u. “K” ilitupwa safu ya nne, jirani na “q” na “j”. Fundi wa Kiswahili alipaswa kuikimbilia huko mara kwa mara siku nzima. Na kwa kuwa mashine ilimwaga mstari mzima kama kipande kimoja cha risasi, kosa la herufi moja lilidai mstari wote umwagwe upya. Ndiyo maana makosa mengine yaliachwa yapite, na anayeyacheka magazeti ya zamani angefaa akumbuke hivyo.

Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam Januari 1923, lilikuwa na mgogoro mwingine, wa raha zaidi: ushairi. Wasomaji walituma mashairi kwa wingi, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao, na mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Mshororo huo ni mrefu kuliko safu ya kawaida ya gazeti. Ukiukata penye koma, ubeti wa mistari minne unakuwa wa minane na kula karatasi maradufu. Ukiuacha ujikunje wenyewe, kina cha kati kinapotelea mahali ambapo jicho halikitafuti. Ukiunyoosha juu ya safu mbili, unakula nafasi ya habari za bei ya mazao. Magazeti ya Kiswahili yamejaribu njia zote tatu, na mtunzi aliyekasirika hajawahi kukosekana.

Umaskini nao ulisanifu kurasa. Ngurumo, gazeti la kila siku lililoanza Dar es Salaam mwaka 1959, lilipendwa na watu wa kipato cha chini kwa bei yake na ufupi wake, likaendelea kuchapwa kwa mitambo iliyozidi kuchakaa hadi likafa mwaka 1976.

Huku Usukumani palikuwa na kero ya ziada. Kisukuma kina irabu saba, na taipureta iliyotumika ofisini ina tano. Kina pia sauti ya king'ong'o kila upande, na si katika ng'ombe peke yake: jina la mganga na mcheza ngoma mashuhuri, Ng'wanamalundi, huanza nayo. Wengine huliandika Mwanamalundi, kwa sababu karani wa Kiswahili alisikia “mw” pale ambapo wenyeji walisema “ng'w”. Majina ya Bariadi kama Mwadobana na Mwaumatondo yalikaa kwenye ramani na fomu kwa tahajia ya karani.

Mwaka ule ule wa 1974, gazeti la Mwanza lilipoanza, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo kompyuta za kupangia kurasa, zilizosambaa duniani baada ya programu ya PageMaker ya 1985, zilishamiri hapa katika miaka ya 1990, magazeti binafsi yalipofumuka. Wengi walidhani shida za safu zimekwisha. Kumbe programu zilikuja na kanuni za Kiingereza za kukata maneno. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, hivyo mwanafunzi hukatwa mwa-na-fu-nzi. Programu ikaona vyema kuandika mwan-afunzi. Jina Ngulyati lina silabi tatu, Ngu-lya-ti, na mashine isiyojua hilo haioni ubaya wa kulikata baada ya “l”. Jina la Ikungulyabashashi, kata nyingine ya Bariadi, lenye herufi 17, likikosa kistari sahihi linaweza kuharibu mstari mzima peke yake.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa, ila haikugusa ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Kichwa cha habari kikiwekwa ndani ya alama moja moja za kunukuu, ritifaa ya ng'ombe inaonekana kama imefunga nukuu katikati ya neno. Fomu za kompyuta zilizotengenezwa na mtu asiye na Ng'wandu katika ukoo wake hulikataa jina hilo kabisa, au hulipokea kwa alama isiyo yake. Kwenye steshenari za Bariadi mwombaji wa kazi huulizwa jina lake limeandikwaje kwenye cheti cha kuzaliwa, limeandikwaje kwenye cheti cha kidato cha nne, na kama ana barua ya kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja.