Kuvuta Kamba Valcourt

Nilivuta kamba ya kuwashia Ski-Doo ya 1970 mara kumi na moja, kimya. Wazee wa Quebec wakacheka. Mmoja akafungua plagi, akaipangusa kwa shati lake, pikipiki ya theluji ikanguruma. Moshi wa petroli na oili ukanirudisha kwenye vespa ya baba, Tanga.

Msafara wetu wa pikipiki hizo za zamani ulipita Valcourt, alikozaliwa Joseph-Armand Bombardier, mbunifu wa Ski-Doo. Mwaka 1934 mwanawe mdogo aliugua, theluji ikaziba njia ya hospitali, akafariki. Bombardier akaunda kwanza magari makubwa ya theluji ya kubeba abiria. Ski-Doo hii ndogo ilitoka 1959, na mmisionari mmoja kaskazini mwa Ontario akawa miongoni mwa waliotangulia kuitumia.

Ukialikwa kwenye msafara kama huu, nenda. Ila beba plagi za akiba.