Sungura Mjinga, Chakubanga na Lodi Lofa

Katika ngano zetu, sungura ndiye mjanja, fisi ndiye wa kuchekwa. Lakini miaka ya 1950 wasomaji wa jarida la Mambo Leo waliletewa hadithi za picha za sungura mjinga. Jarida hilo, lililoanzishwa 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilikuwa na vibonzo hata katika matangazo: majarini ya Blue Band ilinadiwa kwa vikatuni.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mchoraji Christian Gregory alimleta mhusika wa katuni Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Ndiyo miaka ya Operesheni Vijana, TANU Youth League ilipopiga vita sketi fupi na suruali za kubana Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Miaka ya 1980 likaja jarida la Sani la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na wahusika wake kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wakawa kama jamaa wa mtaani. Mchoraji mahiri wa Sani, Philip Ndunguru, alifariki 1986 akiwa bado kijana.

Huku Bonde la Kilombero, reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976, ilirahisisha safari za watu na magazeti kutoka Dar es Salaam hata masika barabara ilipogeuka tope. Gazeti likishafika Mang'ula, Ifakara au Mlimba, halikuwa la mtu mmoja: lilisomwa kibarazani, likaazimwa, mwisho likafungia karanga.

Leo ukizitazama katuni hizo, kichekesho chenyewe huenda kisikuchekeshe. Kinachokushika ni vile vitu mchoraji alivyovichora bila kuvitilia maanani: suruali ya bugaluu inayofagia chini, viatu vya raizoni, tone la jasho likiruka kutoka utosini mwa mwenye hofu, maneno yaliyoandikwa kwa mkono yakibanana ndani ya puto. Mpiga picha wa studio alisubiri mtu achane nywele na kukaza shingo. Mchoraji alimnasa akigombana, akikopa, akikimbia deni. Kwa maisha ya kila siku, katuni ni shahidi mkweli kuliko picha ya studio.

Kwa hiyo, msomaji wa Ifakara, ukikuta Sani au Uhuru la zamani kwenye sanduku la marehemu babu, usiliuze kwa kilo. Andika pembeni mwaka na jina la mwenyewe, kisha lipeleke maktaba ya shule iliyo karibu.