Skafu ya Daktari Nissen

Kijana aliyelala kwenye meza ya upasuaji mjini Istanbul, miaka ya 1930, hakupelekwa pale kwa sababu ya kiungulia. Alikuwa na kidonda kibaya mwishoni mwa umio, njia inayoshusha chakula tumboni. Aliyeshika kisu ni Rudolf Nissen, daktari Myahudi kutoka Ujerumani aliyeikimbia Berlin mwaka 1933, Wanazi waliposhika madaraka. Alikata kipande chenye kidonda, akaunganisha umio na tumbo upya, kisha, kwa kuhofia mshono usije ukavuja, akaufunika kwa kuukunjia ukuta wa tumbo.

Mshono ulipona. Ajabu ilikuja baadaye. Ule msuli unaobana mlango wa tumbo ili tindikali isipande ulikwenda pamoja na kidonda, na mgonjwa wa namna hiyo ilitarajiwa aungue kifua maisha yake yote. Huyu miaka ilipita, wala hakuungua. Nissen akaliweka jambo hilo moyoni.

Alikaa nalo karibu miaka 20. Mwaka 1939 alihamia Marekani, na mwaka 1948, huko Brooklyn, akampasua Albert Einstein, ambaye mshipa wake mkuu wa damu ulikuwa umevimba tumboni. Mishipa ya bandia haikuwepo bado, kwa hiyo Nissen aliuzungushia selofani, karatasi angavu kama ya kufungia peremende, ili kovu litakaloota liukaze. Einstein akaishi miaka sita na zaidi. Daktari huyu, ukimtazama vizuri, alikuwa fundi wa kuzungushia.

Mwaka 1955, akiwa Basel, Uswisi, alipokea mama wa miaka 49 aliyeteswa na tindikali. Safari hii hakukata kiungo chochote. Alishika sehemu ya juu ya tumbo, akaipitisha nyuma ya umio, akaileta mbele na kuishona, kama mtu anavyojizungushia skafu shingoni wakati wa baridi. Tumbo likijaa, skafu nayo inabana, na tindikali inakosa pa kupandia. Mwaka uliofuata alichapisha matokeo.

Wenzake walikuwa wakihangaika na jambo jingine. Philip Allison wa Uingereza aliamini mwaka 1951 kwamba dawa ni kuirekebisha ngiri ya kiwambo, yaani kulirudisha mahali pake tumbo lililochungulia kifuani. Mwaka 1973 alitangaza mwenyewe kwamba karibu nusu ya wagonjwa wake ngiri ilikuwa imewarudia. Si madaktari wengi wanaoianika kazi yao namna hiyo.

Hata skafu ilikuwa na karaha zake. Ikikazwa mno, tonge la ugali linakwama kifuani, mtu anashindwa kubeua, tumbo linajaa gesi na hata kutapika kunakuwa kazi. Mfaransa André Toupet alipendekeza mwaka 1963 umio usizungushwe wote. Tom DeMeester wa Marekani, mwaka 1986, alieleza faida ya kuifupisha skafu hadi sentimita 1. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Liège, Ubelgiji, aliandika jinsi alivyoifunga kwa kamera na vitundu vidogo, bila kulifungua tumbo lote.

Wakati huo omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, ilikuwa tayari madukani, tangu 1988, na wengi walipona bila kuguswa na kisu. Wakabaki wale ambao kidonge hakikufua dafu kwao. Je, hao wapasuliwe?

Jibu zuri lilitoka mwaka 2019 katika utafiti wa maaskari wastaafu wa Marekani. Watu 366 waliotumwa kliniki kwa kiungulia kisichosikia dawa walichunguzwa, na 78 tu wakafika hatua ya kugawanywa makundi. Kati ya 27 waliopangiwa upasuaji, 18 walipata nafuu kubwa. Kati ya 25 walioongezewa dawa nyingine, ni 7 tu.

Lakini tazama walioachwa njiani. Watu 99 walikuwa na kiungulia ambacho hakikusababishwa na tindikali wala na ugonjwa wowote wa umio ulioonekana kwenye vipimo. Skafu ingewafaa nini? Wengine 42 walipewa omeprazole ileile, wakaelekezwa kwa makini waimeze mara mbili kwa siku kabla ya chakula. Baada ya wiki mbili kiungulia kilikuwa kimepoa.