Cherehani ya ngozi: kabla ya kuuliza bei, uliza nani anavuta

Tuseme una akiba uliyoikusanya mwaka mzima na unataka kuanza kushona mikoba ya ngozi na mabegi ya turubai. Ukiuliza mtaani, majibu yatakuja haraka. Mmoja atakwambia nunua cherehani ya fundi viatu, ile nyeusi yenye mkono mwembamba. Mwingine atakupeleka dukani kuona mashine mpya iliyoandikwa ubavuni kwamba ni ya kazi nzito. Wa tatu atasema Butterfly ya kukanyaga inatosha, mbona mama yake alishona nayo hadi magunia! Pesa yako inatosha jibu moja tu.

Kinachotatanisha ni kwamba wote watatu wanazungumzia nguvu. Historia ya cherehani inatuonyesha swali lingine kabisa, nalo ni hili: kitu kinachoshonwa kinasogezwaje?

Majaribio ya mwanzo yalikwama hapo hapo. Barthélemy Thimonnier, fundi wa kushona wa Ufaransa, alipata hataza yake mwaka 1830 na mashine zake zikaanza kushona sare za jeshi huko Paris, hadi mafundi wenzake walioogopa kukosa kazi wakazivamia na kuzivunja. Elias Howe wa Marekani akapata hataza mwaka 1846 kwa mashine iliyotumia nyuzi mbili zinazofungana katikati ya kitambaa, mshono ambao tunautumia hadi leo. Lakini kitambaa cha Howe kilining'inizwa kwenye bamba lenye vipini vidogo. Bamba likifika mwisho unasimama, unakitoa kitambaa, unalirudisha bamba mwanzo, unakitundika upya. Ulikuwa unashona mstari mfupi ulionyooka, basi. Isaac Singer naye alipata hataza yake mwaka 1851, kwa mashine yenye sindano inayoshuka wima na kitambaa kilicholala mezani.

Aliyemaliza tatizo la kusogeza ni mtu ambaye wengi hawajamsikia: Allen Wilson, fundi wa samani wa Marekani. Mwaka 1854 alipata hataza ya meno madogo ya chuma yaliyo chini ya kitambaa. Meno yanapanda, yanasukuma kitambaa mbele, yanashuka, yanarudi nyuma. Miendo minne, tena na tena. Ukifungua karibu cherehani yoyote ya nyumbani leo, iwe ya mama au ile mpya ya dukani yenye maandishi ya kazi nzito, utakuta meno ya Wilson yanafanya kazi ileile.

Na hapo ndipo ngozi inapoleta shida. Meno yanashika tabaka la chini tu. Tabaka la juu linafuata kwa kuwa limegusana na la chini, huku mguu wa chuma ukilibana kutoka juu. Kwa kitenge hakuna neno: mguu unateleza. Ngozi, hasa iliyong'arishwa, inang'ang'ania ule mguu. Kwa hiyo tabaka la chini linakwenda, la juu linabaki nyuma kidogo katika kila mshono. Nusu milimita kwa kila mishono kumi si kitu, utasema. Lakini kwa mishono mia ni milimita tano, na begi lako limeshapinda. Kuongeza mota yenye nguvu hakubadilishi lolote hapa, kunaharakisha kupinda tu.

Viwanda vililijua hili mapema. Singer haikutengeneza cherehani moja kubwa na nyingine ndogo. Ilitengeneza aina nyingi na kuzipa namba kulingana na kazi. Ukiona namba ina herufi K, mfano 15K au 29K, mashine ilitoka Kilbowie, kiwanda kikubwa cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa katika miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980.

Hiyo 29K ndiyo cherehani ya fundi viatu. Haina meno chini kabisa. Mguu wenyewe, kutoka juu, unanyanyuka, unashika ngozi na kuivuta, na unaweza kuuzungusha duara zima ili ushone kwenda upande wowote bila kugeuza kiatu. Mkono wake ni mwembamba ili uingie ndani ya kiatu hadi kwenye vidole. Ni ubunifu wa kupendeza kweli, na hadi leo kuna nakala zake za bei nafuu kutoka China, nyingine za kuzungusha kwa mkono. Ila ilibuniwa kwa ajili ya kutengeneza kilichochanika. Bobini yake kwa kawaida ni ndogo, uzi unaisha upesi, na kwa kuwa mvutano uko juu tu, katika mstari mrefu tabaka la chini ndilo linaloweza kubaki nyuma. Kumbe tatizo ni lilelile, limegeuzwa tu. Kama kazi yako ni kuziba viatu, zipu na mikanda ya mabegi, hakuna cha kushindana nayo kwa bei yake. Kama ni kushona mikoba ishirini inayofanana kwa wiki, utachoka nayo kabla mwezi haujaisha.

Jibu kamili la kuvuta pande zote lilikuja karne ya 20. Katika mashine kama Singer 111W155, sindano yenyewe inasogea pamoja na meno ikiwa bado ndani ya ngozi, na mguu wa ndani unatembea nayo, kwa hiyo matabaka yote yanakwenda kama kitu kimoja. Herufi W ina kisa chake. Inatokana na Wheeler & Wilson, kampuni ya yule yule Wilson wa meno, ambayo Singer iliinunua mwaka 1905 pamoja na kiwanda chake cha Bridgeport, Connecticut. Muundo huu ulinakiliwa sana na watengenezaji wengine, na ndio unaoukuta kwenye karakana za kushona makochi na viti vya magari. Ukipata iliyotumika ambayo bado ni nzima, mimi ningeweka akiba yangu hapo, hata kama rangi imebanduka na meza imeliwa na mchwa. Meza inatengenezwa na seremala yeyote.

Na ile Butterfly? Nyingi za kukanyaga zimefuata muundo wa Singer 15, kwa hiyo zina meno ya Wilson. Kwa turubai la matabaka mawili au matatu inafaa, maana kitambaa hakiung'ang'anii mguu kama ngozi. Mpaka wake ni sindano. Namba ya sindano ni unene wake kwa mia za milimita: namba 100 ni milimita 1. Mashine za aina hii hufanya kazi vizuri hadi namba 110 hivi, na uzi unaokwenda na hiyo ni kama Tex 70, maana yake mita 1,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 70. Ukitaka uzi mnene wa mkanda wa begi zito, inakataa. Kwa ngozi nunua sindano yenye ncha inayokata. Kwa turubai, ncha ya duara, kwa sababu ile ya kukata itakata nyuzi za kitambaa.

Suala la nguvu linarudi sehemu moja tu: unaposhona polepole. Nishati ya gurudumu inategemea mwendo kwa kipeo cha pili, yaani ukipunguza mwendo nusu inabaki robo. Ndiyo maana mashine inayotoboa vizuri ikikimbia inakwama kwenye kona, pale unapohitaji kwenda mshono mmoja mmoja. Usikimbilie kununua mota kubwa. Badilisha puli ya mota kwa yenye kipenyo nusu: mwendo unapungua nusu, nguvu ya kuzungusha inakuwa mara mbili, na gharama ni ndogo sana.

Ukienda kununua, beba vipande viwili vya ngozi yako vyenye urefu wa sentimita 30 na uzi wako. Chora alama za chaki kila sentimita 5 kwenye vyote viwili, vipange, shona bila kuvuta kwa mkono, kisha angalia alama za mwisho zimeachana kiasi gani. Rudia ukizungusha gurudumu kwa mkono. Uliza pia sindano zake zinapatikana duka gani, kwa sababu 29K, kwa mfano, haitumii sindano za nyumbani. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda kwa jirani yake.