Herufi Nne za Mkono wa Kushoto

Kila afanyaye kazi kwa kompyuta huzijua herufi Z, X, C na V. Zikibonyezwa pamoja na kitufe cha Control, Z hutangua jambo lililotendwa punde, X hukata, C hunakili na V hubandika. Wakufunzi hutufundisha kuwa hizi ni njia za mkato za kuharakisha kazi. Sibishi. Lakini nikiifuata historia yake naona kuwa chanzo chake hakikuwa haraka; kilikuwa woga.

Katika miaka ya 1970 kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, huko Palo Alto, California, kilikuwa na programu ya kuandikia iitwayo Bravo. Programu ile ilikuwa na hali mbili: katika moja, herufi uibonyezayo ni herufi, katika nyingine, ni amri. Ole wake aliyesahau yumo katika hali ipi! Aliyekusudia kuandika neno la Kiingereza edit, kumbe mashine inangoja amri, alikuwa ameiamuru hivi: E, chagua waraka wote, D, ufute, I, ingiza maneno. T ikabaki kuwa ndiyo maneno yenyewe. Waraka mzima umekwenda, imesalia herufi moja.

Larry Tesler, aliyejiunga na kituo hicho mwaka 1973, aliuchukia mtindo huo kiasi kwamba namba ya gari lake ilisomeka NOMODES, yaani pasiwe na hali. Yeye na Tim Mott wakatengeneza programu nyingine, Gypsy, kwa ajili ya Ginn, wachapishaji wa vitabu vya shule waliokuwa mali ya Xerox. Kwanza waliwatazama wahariri kazini. Wahariri wale walikuwa na mkasi na gundi: aya inakatwa hapa, inabandikwa pale. Basi kukata na kubandika kukaingia katika mashine kwa majina yale yale.

Tesler alihamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ilipotoka mwaka 1983, herufi zetu nne zilikuwa zimekwisha kupewa kazi. C ndiyo mwanzo wa neno la Kiingereza la kunakili. X ni alama ya kufuta. V ni ile alama ya wahariri ya kuingiza neno, iliyopinduliwa. Z ilichaguliwa kwa ujirani. Zote zimejipanga safu ya chini kushoto, mkono wa kulia ubaki na kipanya.

Hapa huwa nacheka kidogo. Alfabeti ya Kiswahili haina X, na C haisimami bila H. Hata hivyo wapiga taipu wetu waliijua X vizuri: walikosea neno, wakalipigia xxxx juu yake, wakaendelea.

Windows ilitumia kwanza vitufe vingine, kama Shift pamoja na Delete kwa kukata, hadi toleo la 3.1 la mwaka 1992 lilipozikubali herufi hizi. Tesler alifariki Februari 2020.

Mimi naiheshimu zaidi Z, yule jirani. Katika Macintosh ya mwaka 1984 ilirudi nyuma hatua moja tu; ukiibonyeza tena, kosa lako lilirejea pale pale. Siku hizi hurudi hatua nyingi, na mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kufuta ukurasa mzima akaendelea kunywa chai yake.