Gari la tabo kwenye vumbi la Tabora: usidanganyike na sauti ya eya klina

Nimekuwa naulizwa sana na washkaji wenye Subaru na Prado hapa Tabora: "Kaka, nikifunga ile eya klina ya koni gari litakimbia?" Leo najibu mara moja nisirudie kila tukikutana stendi. Mimi sio fundi wa cheti, nilimaliza kidato cha nne nikaingia mtaani, ila hili somo limelipiwa. Aliyelipa ni mjomba wangu.

Mwaka 2019 mjomba alinunua Forester ya tabo, mtumba wa Japani, kwa hela ya tumbaku ya misimu miwili. Mimi ndiye niliyemshawishi tufunge koni ya wazi chini ya boneti. Nilikuwa nimeona video, ile sauti ya kuvuta hewa ikanichanganya akili. Fundi mmoja wa mtaani akang'oa boksi la kiwandani, akaweka bomba jipya pana, jioni kazi imekwisha. Gari likawa linanguruma ile mbaya! Miezi saba baadaye lilikuwa linatoa moshi wa bluu na kila safari ya Urambo linakunywa oili. Injini ilipofunguliwa, mapanga ya tabo yalikuwa yamelika kingo kama jembe la zamani, na kuta za silinda zina mikwaruzo toka juu mpaka chini. Mjomba hakunisema sana. Alisema tu, "Mpwa wangu, hiyo ilikuwa ada ya binamu yako."

Sasa tuelewane. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi wa ekzosi, ya pili inavuta hewa na kuisukuma kwenye injini. Ikikolea inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo chembe ya mchanga inapiga panga kama risasi ndogo. Ikipita hapo inaingia kwenye silinda, inachanganyika na oili, inakuwa msasa. Gari lisilo na tabo nalo linaumwa na vumbi, lakini la tabo linameza hewa nyingi zaidi, kwa hiyo linameza na vumbi zaidi.

Na huku kwetu vumbi lipo bwana. Kati ya Mei na Oktoba mvua hakuna. Lami siku hizi zipo, lakini ukiacha barabara kubwa kuingia vijijini kwenye tumbaku na asali, unakuta udongo laini kama unga. Hii ndiyo njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na pembe za ndovu mabegani, Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872. Pembe zimekwisha, sasa tumebaki na mkonga, he he he. Nitaufikia.

Kosa la kwanza tulilofanya ni joto. Koni ya wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyopikwa na injini. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 10, uzito wake unapungua karibu asilimia 3. Tayari Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ukilinganisha na Dar, tabo inajitahidi kufidia, halafu wewe unaipa hewa ya moto! Na wengi wanadhani ile pua ya kwenye boneti ya Forester inaipelekea eya klina hewa. Hapana. Ile inapooza intakula iliyokaa juu ya injini. Hewa ya eya klina inaingilia mbele, nyuma ya grili.

Kosa la pili ndilo baya kuliko yote na ndilo mafundi wengi hawalijui: sensa ya hewa. Subaru hizi zina sensa inayopima hewa inayopita kwenye bomba, na kompyuta inaamua petroli kiasi gani imwagwe. Kompyuta imeshakariri upana wa bomba pale sensa ilipokaa. Tuseme lilikuwa milimita 65 ndani, wewe ukaweka la 80. Eneo limeongezeka mara 1.5, hewa inapita taratibu, sensa inaona kama theluthi mbili tu ya hewa halisi. Ukienda pole sensa ya ekzosi inasaidia kusahihisha. Ukikanyaga moto hairekebishi vya kutosha, petroli inakuwa kidogo, joto linapanda, injini inagonga, na pistoni za hizo injini huwa zinavunjika kwenye kingo za ringi. Kwa hiyo ukibadilisha chochote, nyumba ya sensa ibaki ileile ya kiwandani. Kama huna mtu wa kupanga upya kompyuta, hapo usiguse kabisa.

Watu wa dizeli mna nafuu kidogo. Land Cruiser yenye 1HD-T, ile ya lita 4.2, ina pampu ya kimekaniki, haina sensa hiyo. Upana wa bomba hausumbui sana, vumbi ndilo adui. (Zile hadtopu nyingi za 1HZ hazina tabo toka kiwandani, usidanganywe na dalali.)

Sasa ufunge nini? Kama tabo ni ya kiwandani na hujaongeza presha, mimi nasema boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi. Hela iliyobaki peleka kwenye mkonga. Vumbi zito linakaa chini, hasa ukiwa nyuma ya lori, kwa hiyo mdomo ukiwa usawa wa paa unavuta hewa safi zaidi na ya baridi. Gari za Safari Rally kule Kenya zilifungwa mikonga, hata ile Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1997. Wale walikuwa na hela ya koni yoyote duniani. Juu ya mkonga unaweza kuweka kikombe cha kuzungusha hewa kama cha trekta: vumbi zito linatupwa pembeni kabla halijafika kwenye filta. Ila maungio ya mkonga yazibwe kweli, la sivyo ukivuka mto unanyonya maji na fimbo ya pistoni inapinda.

Ukiamua kutengeneza bomba mwenyewe, tumia chuma chepesi au alumini. Bomba la maji la plastiki linalainika kwa joto karibu na tabo. Mpira mwepesi nao unanyonywa unajikunja ukikanyaga, tafuta wenye nyuzi ndani. Baada ya kuchomelea, safisha ndani mpaka uchoke, kwa sababu kati ya hilo bomba na tabo hakuna filta tena, punje moja ya welding inatosha. Na ule mpira wa mvuke wa oili urudishwe mahali pake. Kwetu fundi aliuacha ukining'inia, tundu likabaki wazi, vumbi likapita hapo bila kupigwa hodi.

Filta ya kitambaa inayopakwa mafuta sikushauri huku. Ukizidisha mafuta yanaenda kuchafua sensa. Ya karatasi usiikung'ute kwenye tairi wala usiioshe. Pulizia toka ndani kwenda nje, upepo mdogo, ikichakaa nunua nyingine.

Kipimo changu ni rahisi. Baada ya safari ya vumbi fungua bomba baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu kuna mahali panavuja, usiliwashe gari mpaka upapate.

Forester ya mjomba ina injini nyingine ya mtumba sasa, na boksi lake la zamani nililitafuta mwenyewe kwenye spea zilizotumika, nikalikuta halina klipu mbili, nikalifunga na waya kwanza. Mkonga bado. Mdau mwenye kikombe cha trekta kinachoingia bomba la inchi tatu na nusu aseme hapo chini, bei iwe ya kindugu.